Sentimita Tatu: Nini Kinapotea Mark II Kuukuu Inaposhushwa

Toyota Mark II ya toleo la GX100 ilianza kuuzwa Japani Septemba 1996, na mwaka 2000 nafasi yake ikachukuliwa na GX110. Maana yake hata ile changa kuliko zote imekwisha kula zaidi ya miaka 20. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo GX100 za Nairobi na Mombasa ni zilezile zilizoshushwa bandarini zamani, zinapita mkono kwa mkono. Tanzania haizikatazi kwa umri, inazitoza ushuru zaidi. Na bado vijana wanazitafuta, kwa sababu za kueleweka: injini ya silinda 6 za mstari mmoja, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila gurudumu limeshikwa na amu za juu na za chini, mpangilio ambao sedani nyingi za bei hiyo hazina. Wakishaipata, jambo la kwanza wanalotaka ni kuishusha.

Tamaa hiyo naielewa na siidharau. Sedani ndefu iliyokaa chini, tairi zikiwa zimejaza nafasi chini ya fenda, inapendeza macho. Tatizo ni jinsi swali linavyoulizwa gereji. Mwenye gari anataka kujua litashuka kiasi gani na kwa bei gani, naye fundi anajibu kwa sentimita na shilingi. Wachache wanauliza gari hilo limesimamaje leo, kabla halijaguswa, na likishushwa litabaki na nafasi gani ya gurudumu kupanda pale linapokutana na shimo. Kwangu mimi, uamuzi wote uko katika maswali hayo mawili. Na nina hakika kwamba wengi wa wanaoshusha magari yao kwa ajili ya uendeshaji wangekipata wanachokitafuta kwa kutengeneza miguu tu, yaani springi, shokapu, bushi na viungo vyake, gari likabaki kwenye kimo chake.

Tuanze na faida inayotajwa kila mara, kwamba gari la chini linashika barabara. Ni kweli, ila kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Gari likikata kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama kinategemea kimo cha kiini cha uzito na upana wa gari. Chukua sedani ambayo kiini chake kiko sentimita 52 kutoka chini. Ishushe sentimita 3, uzito unaohama unapungua kwa asilimia 6 hivi. Dereva wa kawaida haihisi asilimia 6. Anachokihisi siku ya kwanza, akatoka gereji anasifu, ni springi ngumu zaidi na shokapu mpya zilizofungwa siku ileile. Kama shokapu za zamani zilikuwa zimekufa na bushi zimeoza, tofauti anayoiona inatokana na vitu vipya, wala hatajua, kwa sababu vyote vilibadilishwa kwa pamoja.

Hapa inabidi tutenganishe kazi mbili zinazochanganywa sana. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya kubanwa, na nguvu ya kudunda inaigeuza kuwa joto kwa kulazimisha mafuta kupita kwenye matundu madogo. Mtu ambaye gari lake limelala upande mmoja akanunua shokapu mbili mpya ametupa fedha. Gari litatulia kwenye matuta, lakini litabaki limelala. Na kinyume chake: gari lililosimama sawa kabisa linaweza kuwa na shokapu zisizo na kitu ndani. Dalili zake ni kidevu cha gari kuinama sana breki zinapokanyagwa, mwili kuendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kupita, tairi kuliwa kwa mabaka, na mafuta yaliyoshikana na vumbi kwenye mwili wa shokapu. Ile desturi ya kusimama pembeni na kubonyeza bodi kwa mikono inaikamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyobakiwa na nusu ya nguvu inapita mtihani huo bila shida, kisha inashindwa baada ya saa moja ya barabara ya vumbi yenye makunyanzi, mafuta yakipata moto, yakawa mepesi na kutoa povu. Ndiyo maana shokapu nyingi za siku hizi hutiwa gesi ya nitrojeni, ili kuzuia povu hilo.

Springi nayo inazeeka kwa namna yake. Chuma chake hakilegei. Ugumu wake unabaki karibu uleule wa kiwandani. Kinachotokea ni kwamba springi inafupika. Miaka ya kubanwa chini ya mzigo inaiacha na urefu mdogo kuliko iliozaliwa nao, na gari linakaa chini kwa kiasi hicho. Kutu ni jambo jingine. Mzunguko wa chini kabisa, ule unaokaa kwenye kikombe, hukusanya mchanga na maji. Kwenye mwambao wetu kuna chumvi ya hewani, na gari lililowahi kuishi Hokkaido, kaskazini mwa Japani, limekwisha kuoshwa kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kutu ikichimba vijishimo kwenye waya, springi hukatika hapo, na mara nyingi kipande kilichokatika hubaki ndani ya kikombe, mwenye gari asijue mpaka apimiwe.

Kwa hiyo GX100 ya mwaka 1998 inayoingia gereji leo ili ishushwe, imekwisha kushushwa na miaka. Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama: lisimamishe mahali palipo sawa, upepo wa tairi uwe sahihi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote 4, uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi zilizolika zitakudanganya. Ukikuta upande wa dereva uko chini kuliko wa abiria, umeliona jambo ambalo koilova mpya, yaani springi na shokapu zilizoungana ambazo kimo chake hurekebishwa, ingelificha kwa muda tu.

Baada ya springi na shokapu kuna bushi, na hapa ndipo magari mengi ya zamani yanapoharibiwa na mafundi wenye nia njema. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje. Haizunguki kama bawaba. Amu inapopanda na kushuka, mpira wenyewe unajisokota na kujirudisha. Bolti yake ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, basi mpira umewekwa kwenye mapumziko yake ukiwa kwenye hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, mpira unabaki umesokotwa mchana na usiku hata gari likiwa limeegeshwa, na utapasuka mapema. Zaidi ya hayo, mpira uliosokotwa unasukuma kwa nguvu ya kutosha kulibeba gari juu kidogo, kwa hiyo hata kipimo cha kimo kinakuwa cha uongo. Njia sahihi ni kuacha bolti zikiwa zimelegea kiasi, kuliweka gari juu ya magurudumu yake kwenye shimo la gereji au kwenye rampu, kulitikisa likae, na ndipo kukaza. Anayeshusha gari lazima afanye vivyo hivyo kwa kila bushi ya mpira, maana amu zote zimepata pembe mpya. Ukitaka kumpima fundi wa miguu kabla hujamkabidhi ufunguo, muulize atakaza bushi gari likiwa wapi.

Mark II ina bushi nyingi kuliko sedani ndogo, na huo ndio upande wa pili wa sifa yake. Corolla ya miaka hiyohiyo mbele ina mguu wa MacPherson, ule uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson miaka ya 1940, ambao shokapu yenyewe ni sehemu ya mguu na amu ni ya chini peke yake. Sehemu chache, bushi chache, gharama ndogo. Mark II ina amu za juu, za chini, fimbo za kuzuia gurudumu lisirudi nyuma, na mkusanyiko mwingine kama huo upande wa nyuma. Zikiwa mpya zinalishika gurudumu vizuri ajabu. Zikichoka, kila moja inaongeza mchezo wake mdogo, na jumla yake ni gari linaloyumba kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa bila kosa moja unaloweza kulionyesha kwa kidole.

Katika kununua spea, Gerezani na Kariakoo kwa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa Nairobi, utapewa amu zilizotumika Japani zikiwa na bushi zake. Chuma chake huwa kizuri. Lakini mpira unazeeka kwa miaka hata ukikaa rafu, na bushi iliyotoka kwenye gari la 1998 ni ya 1998. Nunua amu, kisha weka bushi mpya. Boljointi sishauri hata kidogo kuchukua iliyotumika: ikichomoka, gurudumu linalala na gari haliongozeki tena. Shokapu nazo, hata mpya, zinataka uangalifu: bandia za chapa ya Kayaba ni nyingi kiasi kwamba boksi peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Sasa tuje kwenye kushusha kwenyewe. Kila gurudumu lina nafasi fulani ya kupanda kabla halijafika kwenye mpira wa kizuizi, ule mpira mfupi unaokaa kwenye fimbo ya shokapu ili chuma kisigonge chuma. Tuseme nafasi hiyo ni sentimita 8. Gurudumu likipigwa na ukingo wa shimo, springi ina sentimita hizo 8 za kulimaliza pigo. Ukilishusha gari sentimita 4 zinabaki 4, na hesabu haigawanyiki kwa mbili, kwa sababu nguvu inayomezwa na springi inakwenda kwa mraba wa umbali. Ili nusu ya nafasi imeze pigo lilelile, springi inatakiwa iwe ngumu mara 4. Gari la namna hiyo halikaliki. Kwa kushusha sentimita 2, nafasi inabaki 6, na ugumu unaotakiwa ni mara 1.8 hivi, hapo bado unaweza kusafiri na mama yako. Sasa rudi kwenye gari letu la 1998 lililokuwa limelala sentimita 2 kwa uzee. Mwenyewe anaomba sentimita 3, fundi anapima kutoka pale lilipo, na jumla inakuwa 5. Zimebaki 3 kati ya 8. Springi ingepaswa kuwa ngumu mara 7, na bila shaka haikufungwa ya namna hiyo. Kwa hiyo gari linakaa juu ya mpira wa kizuizi karibu kila tuta, na pigo linalobaki linapokelewa na maunti, boljointi na bodi yenyewe.

Ukiyashika hayo, utaona kwa nini kukata springi ni njia mbovu. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa 1 inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Ugumu umeongezeka, kweli, lakini hata kwa sentimita 2 ulihitajika uongezeke kwa karibu asilimia 80. Njia halali ya kuupata ugumu huo ni waya mnene zaidi, maana ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha unene: waya ukinenepa kwa asilimia 10, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 46. Ndicho wanachokifanya wanaotengeneza springi fupi kiwandani. Kukata hakuna uwezo huo. Tena springi iliyokatwa inakuwa fupi mno, gurudumu likining'inia inaachia kikombe chake, na gari likitua inaweza kurudi vibaya. Wanaoipasha moto kwa gesi mpaka ilale yenyewe wanafanya baya zaidi, kwa kuwa joto hilo linaondoa ugumu uliopikwa ndani ya chuma, na springi itaendelea kulala kila wiki, upande huu kuliko ule.

Njia mbili zinabaki. Springi fupi za kiwandani zilizolinganishwa na shokapu zinazozimudu ni nafuu na hazina mambo mengi. Shokapu za kawaida, hata mpya, zilipimwa kwa springi laini. Ukizifungia springi ngumu zinachoka mapema. Koilova ina faida ya kurekebishika, na hapo kuna tofauti inayostahili kueleweka kabla ya kulipa. Aina ya kwanza hushusha gari kwa kuteremsha kikombe cha springi, hivyo nafasi ya shokapu kupanda inapungua kadiri unavyoshusha. Aina ya pili ina mwili unaofupishwa kwa chini, springi na nafasi ya shokapu vikabaki kama vilivyo. Ya pili ni ghali zaidi, na kwa barabara zetu ndiyo yenye maana. Hata hivyo haiondoi ukweli kwamba tairi bado iko karibu na fenda na sampu iko karibu na lami. Nyuzi za koilova pia zinataka kusafishwa na kupakwa grisi. Mwaka mmoja wa vumbi na chumvi ya Tanga au Mombasa unatosha kuzigandisha zisizunguke tena.

Jiometri nayo inataka ilipwe. Amu za Mark II zimepangwa ili gurudumu likipanda, sehemu yake ya juu iingie ndani kidogo. Kwenye kona hilo ni jema. Gari likishushwa, gurudumu linaishi kwenye hali hiyo wakati wote, na tairi inaliwa upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka nyuzi zitokeze. Lakini nimeona lawama nyingi zikielekezwa kwenye mlalo huo wa gurudumu wakati mkosaji mkubwa ni mwelekeo: kama magurudumu mawili ya mbele hayaangalii sambamba, tairi zinakokotwa kila mita ya safari, na hata mlalo mdogo unageuka ulaji wa haraka. Kushusha kunaubadili mwelekeo karibu kila mara, kwa sababu tairodi nazo zimebadili pembe. Alaimenti ya magurudumu 4 ni sehemu ya kazi. Ifanyike springi zikishakaa, baada ya kilomita mia kadhaa, na irudiwe. Kwenye Corolla na ndugu zake wa MacPherson kuna jambo la ajabu zaidi: pale amu ya chini inapoinuka kuelekea gurudumu, nukta ambayo mwili wa gari unajiegemeza juu yake wakati wa kona inashuka haraka kuliko kiini cha uzito kinavyoshuka, na gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa.

Na mzigo je? Watu wanapima gari likiwa tupu. Kama springi ya nyuma ina ugumu wa Nyutoni 20 kwa milimita pale kwenye gurudumu, kilo 100 zikiongezeka upande huo zinaiteremsha sentimita 5. Desemba, Mark II inayotoka Dar kwenda Moshi ina watu 5, buti limejaa, na njiani kila kijiji kina matuta. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 2.73, na tumbo lote la katikati, pamoja na bomba la ekzosi, linapita juu ya tuta bila msaada wa gurudumu lolote. Matuta yetu mengi yamejengwa kwa macho. Gari ambalo lilikuwa na sentimita 15 chini ya tumbo, likanyang'anywa 3 na gereji na 4 au 5 na mzigo, linapita kwa kukwangua au halipiti kabisa.

Hilo ndilo linalowafanya watu wengi zaidi huku kwetu waende upande wa pili na kunyanyua: spesa juu ya maunti, au mipira inayobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Spesa ya kiasi inavumilika, ingawa nayo inapindisha boljointi na shafti za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa upande wa chini badala ya juu. Mipira siipendi. Inaziba mizunguko isifanye kazi, springi inakuwa ngumu mahali pamoja tu, na magari mengi yaliyonyanyuliwa hivyo yalikuwa yanahitaji springi mpya za kimo cha kiwandani, basi.

Wenzetu tulioiga kwao walikutana na mipaka hiyohiyo. Japani, yalikotoka magari haya, sheria inataka angalau sentimita 9 chini ya gari. Jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku mwaka 1958 gari ambalo bodi yake inashuka chini ya rimu, na mwaka 1959 mwenye gari mmoja wa huko, Ron Aguirre, akalifungia gari lake la Corvette pampu za haidroli, ili alinyanyue gari akimwona askari na kulishusha akishapita. Katazo hilo la jimbo liliondolewa rasmi Januari 2024. Kwa hiyo hata huko, kwenye lami laini, waliopenda chini kupita kiasi walitafuta namna ya kupanda.

Mpangilio wangu wa fedha kwa GX100 uko hivi: boljointi na tairodi kwanza kwa sababu ya usalama, kisha bushi zote za mbele na nyuma, kisha shokapu 4 na maunti zake, na alaimenti. Kwa bushi, chagua za kawaida za mpira. Zile ngumu za plastiki zinafaa uwanja wa mashindano, na kwenye makunyanzi zinapeleka kila mtetemo ndani ya gari. Liendeshe hivyo miezi miwili. Kama bado unataka chini, funga springi za sentimita 2 hadi 3 zinazohesabiwa kutoka kimo cha kiwandani, siyo kutoka pale gari lilipokuwa limelala, na urekebishe taa za mbele. Springi za zamani, kama hazina kutu ya kuchimba, ziweke stoo zikiwa na alama ya pande zake.

Anayenunua Mark II iliyoshushwa na mtu mwingine aanzie hapo: aulize springi za asili ziko wapi. Kisha aingize kiganja ndani ya fenda aguse upande wa ndani wa tairi, aangalie kama waya wa springi umekatwa kwa grainda mwishoni, na achungulie mipira ya kizuizi. Ikiwa imesagika au haipo kabisa, gari hilo limekuwa likigonga chuma kwa chuma kwa muda mrefu, na bei lazima ishuke kwa gharama ya miguu yote 4.